Kilimia Kiko Wapi? Pambo na Ukweli katika Matufe ya Nyota ya Bara Hindi

Nina deni, na ni vyema nililipe hadharani kwa kuwa nililikopa hadharani. Miaka michache iliyopita, katika baraza ya washairi iliyokuwa ikikutana nyumbani kwa rafiki yangu mmoja huko Mji Mkongwe, niliombwa niseme maneno mawili matatu juu ya tufe la shaba lililowekwa mezani. Rafiki yangu alikuwa amelinunua katika duka la vitu vya urembo, na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi kwenye kigoda chake kilieleza kuwa hicho ni chombo walichokitumia wanajimu wa kale wa Bara Hindi kuisoma mbingu. Lilipendeza, nalo liling'aa chini ya taa kama embe bivu. Nami, kama ilivyo desturi ya wahakiki wanaposhtukizwa, nikasema mengi. Nikaliita tufe lile diwani ya mbingu; nikadai kuwa kila nyota yake ni neno na kila buruji ni ubeti. Watu wakapiga makofi.

Ndipo mzee mmoja, nahodha wa zamani aliyepata kuvuka bahari mpaka Arabuni katika majahazi ya tanga, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa kitako kimya karibu na mlango, akaomba apewe lile tufe. Akalipakata. Akaligeuza taratibu kwa vidole viwili, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayetafuta kovu analolijua.

"Mwanangu," akaniuliza, "Kilimia kiko wapi?"

Nikatafuta. Nikamwona ng'ombe wa buruji ya Thauri, lakini Kilimia, ambacho hata mtoto wa shamba hukionyesha kwa kidole, sikukiona begani mwake wala popote.

"Na Suheli je?"

"Nayo siioni, Mzee."

"Basi," akasema akilirudisha mezani kwa upole, "hili ni chungwa la shaba. Zuri. Lakini chungwa."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa hapakuwa na la kufanya jingine. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimesifu mbingu isiyo na nyota moja ya kweli, na nimeisifu kwa maneno ambayo sisi wapenzi wa ushairi huyaheshimu kuliko yote. Makala haya ni malipo ya deni hilo, pamoja na jaribio la kujibu swali ambalo mzee wangu aliliuliza bila kukusudia: pambo linapolitaja jambo, je, linawajibika kulijua?

Siku ya pili nilirudi kulitazama, mara hii kwa macho yaliyoaibika. Kiunoni tufe lilikuwa limevishwa mkanda wa picha 12 za buruji, kondoo, ng'ombe, mapacha, kaa na wenzao, zilizochorwa na mkono uliozoea kazi. Juu na chini ya mkanda ule zilitapanywa nyota za pembe tano, zote za ukubwa mmoja, popote palipobaki nafasi. Hapa na pale pametiwa hilali. Halikuwa na jina la nyota hata moja, wala tarehe, wala sahihi ya fundi.

Kosa lililo kubwa kuliko yote, hata hivyo, si la nyota. Ni la ule mkanda. Fundi ameuzungusha sawasawa katikati ya tufe, mahali inapostahili kupita ikweta ya mbingu. Lakini njia ya jua, ambayo ndiyo makazi ya buruji, haiendi sambamba na ikweta. Inaikata kwa mwinamo wa digrii zipatazo 23 na nusu, na kutokana na mwinamo huo jua hupanda kaskazini nusu ya mwaka na kushuka kusini nusu ya pili. Jua la tufe lile lingetembea mwaka mzima mahali pamoja, bila kupanda wala kushuka. Hiyo ni mbingu isiyo na kaskazi wala kusi, isiyo na masika wala vuli. Jahazi halitoki bandari ya Mandvi, kule Kutch, chini ya mbingu kama hiyo, wala halifiki kwetu.

Baada ya hapo nilitaka kujua kama karatasi ile ilikuwa na chembe ya ukweli. Je, wanajimu wa Bara Hindi walikuwa na matufe ya nyota? Jibu ni ndiyo na siyo, na katika ile "siyo" mna mambo matamu.

Matufe ya nyota yaliyo bora kabisa ya nchi hizo yalitoka Lahore, mji ambao leo umo Pakistani na ambao katika karne za 16 na 17 ulikuwa miongoni mwa miji mikuu ya dola ya Mughal. Huko iliishi familia moja ya mafundi ambayo kwa vizazi vinne ilitengeneza asturlabu na matufe. Mkuu wao alikuwa Allahdad, aliyejinasibisha na mfalme Humayun. Mwanawe aliitwa Isa. Wajukuu zake ni Qa'im Muhammad na Muhammad Muqim. Na kitukuu chake, Diya al-Din Muhammad, ndiye aliyekuwa fundi hodari na mwenye kazi nyingi kuliko wote. Katika mwaka 1985 mtaalamu Emilie Savage-Smith alitoa kitabu chake juu ya matufe ya aina hii, akianzia na tufe moja lisilo na sahihi lililohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Kitabu hicho kilifunua jambo la ajabu: matufe ya Lahore hayana mshono. Mafundi wa nchi nyingine walifanya nusu mbili na kuziunganisha. Hawa walisubu tufe zima kwa mara moja, nalo likiwa na uvungu ndani.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alifinyanga kiini cha udongo, akakivika nta yenye unene uleule aliotaka shaba iwe nao, kisha akaifunika nta hiyo kwa udongo mwingine uliokuwa kalibu. Vipini vya chuma vilishikilia kiini kisiyumbe. Akatia moto, nta ikayeyuka na kutoka, shaba ikamiminwa mahali pake. Tufe lilipopoa, udongo wa ndani ulitolewa kupitia tundu, na tundu likazibwa kwa kipande cha shaba. Ukilitazama tufe la Lahore kwa makini utayaona mabaka hayo ya viraka, madogo, yaliyosuguliwa mpaka karibu yatoweke. La kale kuliko yote tulijualo la namna hii lenye tarehe limetiwa sahihi na Ali Kashmiri ibn Luqman, mwaka 998 wa Hijra, yaani 1589 au 1590.

Juu ya ngozi hiyo isiyo na mshono ndipo nyota zilipopandwa, kila moja ikiwa msumari mdogo wa fedha uliokandikwa katika digrii yake. Matufe makubwa yana nyota zipatazo 1,000, na ukubwa wa msumari hufuata mwangaza wa nyota. Picha za makundi 48 ya nyota zimechongwa kuzizunguka, na ukiijua michoro ya vitabu ya enzi ya Mughal utaona undugu. Majina yameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hapa msomaji wa pwani, aliyepita chuoni akasoma juzuu zake, anaweza kulisoma tufe la Lahore bila mkalimani: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Atamkuta shujaa aliyebeba kichwa kilichokatwa, na juu ya kichwa hicho ataisoma Rasi 'l-Ghuli, jina ambalo sisi tulilizoea kwanza katika utenzi wa Mgeni bin Faqihi na hatukufikiri kuwa limening'inia juu ya mapaa yetu. Na ataikuta Safina, merikebu ya mbinguni, na katika kasia lake la usukani umepigiliwa msumari mmoja mkubwa wa fedha. Hiyo ndiyo Suheli. Mzee wangu angetabasamu kuiona ilipo.

Je, hayo si mapambo? Ni mapambo, tena ya kifahari, yaliyofanywa kwa ajili ya majumba ya wakubwa. Lakini kila pambo limefungwa na ukweli uliolitangulia. Fundi hakuwa huru kusogeza msumari upana wa unywele kwa kuwa pale ulipo haupendezi. Sisi tunaijua kazi ya namna hiyo. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, na wengine walipozipinga kwa nguvu katika miaka ya 1970, ubishi ulikuwa juu ya kifungo: je, vina na mizani humkaba mshairi au humwinua? Mimi siamini kuwa kifungo chochote ni kitukufu kwa sababu tu ni kifungo. Ila nimesoma mashairi mengi mno ambayo mtunzi ametafuta kina kwanza na maana baadaye, akajaza nusu mstari kwa "hakika" na "nawambia" ili zitimie 8. Nyota zile za pembe tano kwenye tufe la rafiki yangu ni "nawambia" za shaba.

Kuna jambo la pili lililonivutia zaidi, na naomba msomaji anivumilie nilikalie kidogo. Anayelitazama tufe la nyota huliona kwa nje. Mbingu sisi tunaiona kwa ndani, tumesimama chini ya kuba yake. Kwa hiyo picha zote katika tufe la kweli zimepinduka kulia kwenda kushoto: shujaa ambaye katika anga la usiku anakwenda upande huu, kwenye shaba anakwenda upande ule. Fundi anamweka mtazamaji mahali ambapo hakuna kiumbe aliyepata kusimama, nyuma ya nyota, akitazama ndani kuielekea ardhi. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Iran aliyetunga kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, aliielewa taabu hiyo, na kila kundi la nyota alilichora mara mbili: mara moja kama linavyoonekana mbinguni, na mara moja kama linavyoonekana juu ya tufe. Nilipomweleza mzee wangu habari hii alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba hata ramani ya bahari inakutazamisha kutoka juu, mahali alipo ndege, na nahodha anayesahau kuwa yeye si ndege hupanda mwamba.

Kinyume cha tufe kipo Jaipur. Huko Maharaja Sawai Jai Singh wa Pili, aliyekufa mwaka 1743, alijenga uwanja wa vyombo vya falaki ambao tangu mwaka 2010 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwa vyombo hivyo kuna Jai Prakash, mabakuli mawili makubwa ya marumaru yaliyochimbiwa ardhini. Mbingu imegeuzwa kuwa shimo. Pete ndogo imetundikwa kwa nyaya juu ya bakuli, na kivuli chake huangukia mistari iliyochorwa humo, nawe unashuka ngazi na kutembea ndani ya anga ukisoma jua lilipo. Hapo hapo pana vyombo 12 vya Rashivalaya, kimoja kwa kila buruji, ambavyo kwa jicho la mgeni ni vijumba tu vyenye ngazi zilizopogoka. Havina nakshi, na hata hivyo watu husafiri kutoka mbali kuja kuvishangaa, kwa uzuri ambao mjenzi hakuutia kwa makusudi ya kupendeza.

Sasa nirudi kwenye ile "siyo". Matufe ya Lahore yalitoka katika elimu ya falaki iliyopita kwa Ptolemy na al-Sufi, na orodha ya nyota ya Ulugh Beg iliyotayarishwa Samarkand katika mwaka 1437. Mnajimu wa Kihindu wa mapokeo, aliyefuata elimu ya jyotisha, hakulihitaji tufe ili aseme siku ya arusi ni lini. Chombo chake kilikuwa na kingali ni panchanga, takwimu yenye viungo vitano: siku ya mwezi, siku ya juma, manzili ya mwezi, na hesabu mbili nyingine zitokanazo na mwendo wa jua na mwezi. Kati ya sayari zake tisa, mbili, Rahu na Ketu, hazionekani kabisa. Ni mahali ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua. Huwezi kupigilia msumari wa fedha juu ya nyota ambayo haipo. Wahindi walikuwa na tufe lao la kale lililoelezwa katika vitabu vya Kisanskriti, lakini lilikuwa la mapete matupu, la kufundishia miduara. Tufe la shaba lenye picha za nyota liliwafikia kupitia majirani zao Waislamu, na katika miaka ya 1840, Lahore ikiwa chini ya Masingasinga, fundi mmoja wa Kihindu, Lalah Balhumal, alikuwa akitengeneza vyombo vya falaki kwa Kiarabu, kwa Kiajemi na kwa Kisanskriti. Mtu mmoja, mkono mmoja, lugha tatu, mbingu moja.

Nasema mbingu moja, ila buruji zilihesabiwa kwa namna mbili, na hapa ndipo muuzaji wa pambo hujikwaa asijue. Mahali ambapo usiku na mchana hulingana huhama kidogokidogo kati ya nyota, takriban digrii 1 katika miaka 72. Falaki ya Kigiriki na ya Kiarabu huanza buruji ya Hamali pale pale ulinganifu ulipo, hata kama nyota za kondoo zimekwisha sogea. Unajimu wa Kihindi umekataa kuziacha nyota. Unahesabu kutokana nazo. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili imekua pole kwa pole mpaka Kamati ya Marekebisho ya Kalenda ya India, iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha, ikaikadiria kuwa digrii 23 na dakika 15 kwa siku ya tarehe 21 Machi 1956. Leo imefika takriban digrii 24. Ndiyo sababu mtu ambaye gazeti la Ulaya humwita wa Hamali aghalabu mnajimu wa Varanasi atamwambia kuwa yeye ni wa Hutu.

Kutokana na mwendo huohuo, tufe la kweli lina umri wake ulioandikwa katika fedha yenyewe. Fundi wa Lahore wa mwaka 1660 hakuweza kunakili digrii za Ulugh Beg kama zilivyo. Ilimpasa azisogeze nyota zote kiasi cha digrii 3. Hata ukifuta tarehe yake, mtaalamu anaweza kupima misumari na kukisia lilitengenezwa lini. Kwa upande wa chungwa letu la shaba, lingeweza kuwa limetengenezwa jana au siku ya tufani ya Nuhu, nalo lisingejua.

Isidhaniwe kwamba nawataka watu wote wapime digrii. Mughal wenyewe walikuwa mabingwa wa pambo la nyota, na sehemu kubwa ya pambo hilo haikuwa chombo cha kupimia. Humayun alikuwa na zulia la mviringo lenye duara za rangi mbalimbali kwa hesabu ya falaki za sayari, na watu wa baraza lake waliketishwa katika duara la sayari iliyowahusu. Hilo ni pambo, hata mchezo, lakini mchezo wenye akili: kila rangi inajua kwa nini iko pale. Wanahistoria wa jamaa yake wanasimulia kwamba Januari 1556 alikuwa amepanda juu ya jengo la vitabu vyake huko Delhi, katika jioni iliyotazamiwa kuchomoza Zuhura. Wakati wa kushuka ikasikika adhana, akataka kukaa kwa heshima, akateleza ngazini, na kwa anguko hilo akafa. Mjukuu wake Jahangir, mwaka 1618, aliamuru sarafu zake za dhahabu na fedha zichapwe picha za buruji badala ya jina la mwezi. Simba wa Asadi mbele ya jua lenye miale ni kazi ndogo ya kustaajabisha, na pia ni tarehe: jua lilikuwa katika Asadi sarafu hiyo ilipochapwa. Anayeujua mwezi huusoma katika manyoya ya simba. Sarafu hizo zimeigizwa mno tangu hapo, na mwigaji asiyejua hesabu hujifichua anapomtia mnyama katika mwezi usio wake.

Lakini ukweli wa kipimo peke yake hautoshi kutuokoa, na huyu huyu Jahangir ndiye ushahidi. Mnamo mwaka 1616 mchoraji wake Abu'l Hasan alimchora akiwa amesimama juu ya tufe la dunia, tufe limekaa mgongoni mwa ng'ombe, ng'ombe juu ya samaki. Mfalme amevuta upinde anakilenga kichwa cha mtu mweusi kilichotungikwa juu ya mkuki. Kichwa hicho ni cha Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akavushwa bahari, na mwishowe akawa mtawala hasa wa Ahmadnagar huko Deccan na mwiba wa majeshi ya Mughal. Picha hii imo katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin. Tufe lake limechorwa vizuri, nyuzi za upinde unaweza kuzihesabu, na yote ni uongo. Jahangir hakupata kumkamata Malik Ambar wala kumkata kichwa; yule Mhabeshi alikufa kitandani kwa uzee mwaka 1626, na mfalme akamfuata mwaka mmoja baadaye. Sijui picha nzuri zaidi ya hii yenye tufe ndani yake, wala sijui iliyonitia hasira zaidi. Usahihi wa mkono nao hukodishwa.

Rafiki yangu, mwenye tufe, alinijibu kwa hoja ambayo sipendi kuipita kimya. Alisema milango yetu ya kuchonga imejaa yungiyungi, samaki na minyororo, na hakuna aliyewahi kuuliza lile yungiyungi lina petali ngapi. Kwa nini tufe lake lihukumiwe na sheria ya wanafalaki? Alikuwa na haki zaidi ya nilivyotaka kumpa. Mchongaji wa mlango hakumfungia mteja karatasi ya kusema hiki ni kitabu cha elimu ya mimea. Na yule fundi wa shaba, labda wa Moradabad, mji wa Uttar Pradesh unaojulikana kwao kwa kazi ya shaba, yumkini aliambiwa tu: fanya mviringo, tia buruji, tia nyota, mgeni anapenda vitu viking'aa. Mkono wake ni mkono hodari. Aliyedanganya ni aliyeandika karatasi, na aliyeisoma mbele ya watu akaiongezea vina, ambaye ni mimi.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo tufe la Lahore linalo na ambalo hakuna pambo la dukani lingethubutu kuwa nalo. Lina mahali patupu. Orodha ya Ptolemy na zote zilizotoka ubavuni mwake zilitayarishwa na watu wa kaskazini, ambao nyota zilizo karibu na ncha ya kusini hazikuwachomozea kamwe. Kutoka Lahore, iliyo digrii 31 na nusu kaskazini mwa ikweta, hata Suheli yenyewe huonekana chini sana, inapenya ukingo wa upeo kisha inatua. Sisi, tulio digrii 6 kusini, tunaiona imesimama katikati ya anga ya kusini kama kandili. Nyuma ya Safina na nyuma ya miguu ya Kantauri, tufe la Lahore ni shaba tupu. Katika eneo hilo baadhi ya mafundi waliandika majina yao. Fikiri, msomaji, kishawishi kilichokuwapo: fundi ana fedha, ana patasi, ana mteja mwenye kiburi anayetaka mbingu iliyojaa. Angetia nyota 30 pale, nani angemkosoa? Hakuna mtu wa Lahore aliyeiona mbingu ile. Walioiona walikuwa ni manahodha waliokuwa wakishuka na kaskazi kuja huku kwetu, nao hawakuwa wageni wa baraza la mfalme. Fundi aliacha patupu. Mbingu aliyotuachia bila nyota ndiyo iliyo juu ya vichwa vyetu kila usiku.

Nilipomsomea mzee wangu aya hiyo, alitaka kuliona tufe la rafiki yangu tena. Safari hii alikuja na msumari na nyundo ndogo ya sonara, na rafiki yangu, Mungu ambariki, akaridhia. Nia ilikuwa tukitie Kilimia. Nikamweleza kwamba katika matufe ya zamani ng'ombe huchorwa nusu ya mbele tu, na Kilimia hukaa mgongoni, karibu na pale anapokatika. Ng'ombe wa tufe hili ni mzima, ana hadi mkia, kwa hiyo haijulikani pa kupigilia. Tena nikamweleza kwamba orodha ya Ptolemy hutaja nyota 4 tu katika kundi hilo. Mzee akakataa katakata. Katika hadithi za Kihindi, nikasema, Krittika ni mama 6 waliomnyonyesha mungu Kartikeya, na Wayunani waliwaita mabinti 7. Yeye akasema kwamba alipokuwa kijana na macho yake mazima alihesabu 6 kila usiku wa safari, na usiku mmoja tu, karibu na Socotra, alizihesabu 7, na mpaka leo hajui kama ile ya saba ilikuwa nyota.

Msumari ungali mezani kwa rafiki yangu, kando ya tufe. Hatujaafikiana.